Kiambishi Tamati

Muuguzi Bronagh ameacha fomu mezani
kati ya birika na mkebe wa biskuti.
Swali la tisa lina visanduku vitatu:
kamwe, mara chache, mara nyingi.
Neno lenyewe lina herufi sita,
lonely,
na Enid Thackray, mwenye miaka themanini na moja,
ameshika penseli kama mtu aliyeshika kisu
mbele ya samaki asiyemjua.

Miaka thelathini alisoma prufu za kamusi
huko Leeds, ghorofa ya tatu, dirisha likitazama reli.
Hajapata kutia alama kwenye neno
kabla hajalipasua tumbo.

Aanze na mkia, basi. Hiyo -ly
zamani za wafalme wenye majina ya kukwaruza koo
ilikuwa lic,
na lic ulikuwa mwili,
wowote, unaotembea au uliolazwa.
Sifa ilivishwa mwili ipate kwenda kwa watu:
urafiki ukapata wake, umama ukapata wake,
hata woga haukunyimwa.
Kisha watu wakafanya haraka, ndiyo kawaida yao,
ch ya mwisho wakaimeza,
ikabaki ncha ya ulimi na pumzi.

"Kila neno lina maiti ndani," alimwambia Clement siku moja,
naye, bila kuinua macho gazetini:
"Ndiyo maana mahubiri ya hapa yananuka."

Sasa kiwiliwili.
Lone si neno zima, ni kipande.
Walisema all one, yote moja, mmoja kamili,
wakayabana yakawa alone,
halafu mvivu fulani, au mwenye mafua,
akaidondosha irabu ya mbele njiani
wala hakurudi kuiokota.
Kwa hiyo hiyo L iliyosimama mlangoni
ni yote iliyosalia katika "yote".

Enid anasita hapo.
Anakula biskuti nusu.

Sisi upweke tunautwika u- kichwani,
tunatembea nayo, shingo imenyooka.
Wao mzigo huufunga nyuma, behewa kwa behewa:
-ly, na nyuma ya -ly, -ness,
na y lazima igeuke i kumpisha mgeni.
Clement alishikilia kwamba -ness hiyo
ndiyo ness ya rasi, pua ya nchi inayochungulia bahari,
kama kule Holderness alikozaliwa.
Siyo. Ni sauti moja, koo mbili.
Alibisha miaka arobaini na sita,
alisahihishwa miaka arobaini na sita,
chai ikipoa.

Februari walimpumzisha chini ya lango la makaburi,
lile lenye paa la vigae,
kwa kuwa mvua ilikuwa kubwa na kasisi kachelewa.
Lychgate. Hata lango lina lic yake:
ni lango la mwili.
Wachukuzi wakifuta miwani,
yeye alisimama kando ya jeneza akiwaza, kwa aibu,
kiambishi.

Alhamisi Bronagh anarudi.
Visanduku vitatu, vyote vitupu.
Ukingo wa karatasi umejaa penseli, juu, chini, ubavuni,
mishale, herufi zilizokatwa,
na kwenye kona, maandishi madogo:
mwili wa mmoja kamili.

"Sasa nijaze kipi, Bi Thackray?"
"Soma kwanza."
Bronagh anatazama saa. Ana wagonjwa wengine wanne.
Anavua koti, anavuta kiti cha Clement
bila kujua ni cha nani,
na kuanza: "Lik..."

"Liich," anasema Enid, "kama kaa la moto likizamishwa majini."
"Liik."
"Liich."

Penseli tayari imo mkononi.
Anamsogezea mkebe.
"Tena," anasema.